Jinsi ya Kuchunguza Sifa za Namba Kubwa: Mfano wa 4,294,967,297

Anayepewa namba yenye tarakimu kumi na kutakiwa aeleze kama ni tasa, yaani haigawanyiki ila kwa 1 na yenyewe, mara nyingi hukimbilia kugawanya. Ninamsihi aulize kwanza namba hiyo imetokana na nini. Namba 4,294,967,297 ni 2 kwa kipeo cha 32, ikaongezwa 1. Pierre de Fermat, mwanahisabati Mfaransa wa karne ya 17, aliamini kuwa ni tasa. Mwaka 1732 mwanahisabati Leonhard Euler akaonyesha kuwa sivyo.

Anza na vipimo vyepesi. Namba hii ni witiri, haiishii na 5, na jumla ya tarakimu zake ni 59, kwa hiyo haigawanyiki kwa 3. Kwa 7, 11 na 13 ipo njia moja inayozimaliza zote kwa pamoja, kwa kuwa zao lake ni 1,001: kata tarakimu tatu tatu kuanzia kulia, kisha toa na kujumlisha kwa kupokezana, yaani 297 − 967 + 294 − 4. Jibu ni −380, na 380 haigawanyiki kwa hata moja kati ya hizo.

Hapa ndipo asili ya namba inapookoa kazi. Namba isiyo tasa lazima iwe na kigawo tasa kisichozidi kipeuo chake cha pili. Kipeuo cha pili cha namba yetu kinazidi 65,536 kidogo mno, na chini ya hapo kuna namba tasa 6,542. Euler alithibitisha, hata hivyo, kwamba kila kigawo tasa cha namba iliyojengwa hivi sharti kibakize 1 kinapogawanywa kwa 64. Namba tasa za aina hiyo zinaanza na 193, 257, 449, 577 na 641, nne za kwanza haziigawi namba yetu, na ya tano ndiyo tunayoitafuta.

Ili kuihakiki kwa mkono, fuata mabaki tu. Gawanya 65,536, ambayo ni 2 kwa kipeo cha 16, kwa 641: inabaki 154. Zidisha 154 kwa 154 upate 23,716, ugawanye tena kwa 641: inabaki 640. Hilo ndilo baki la 2 kwa kipeo cha 32; ukiongeza ile 1 unapata 641 kamili, na hakuna kinachobaki.

Kigawo kinachoandamana na 641 ni 6,700,417. Usikiite tasa kabla ya kukipima: kipeuo chake cha pili hakifiki 2,589, na kwa sharti lile lile zimebaki za kujaribu 641 kwa mara nyingine, 769, 1,153, 1,217, 1,409, 1,601 na 2,113. Hakuna inayokigawa. Basi namba yetu ina vigawo vinne tu, ikiwemo 1 na yenyewe, na jumla yake ni 4,301,668,356.

Sifa inayonivutia kuliko zote ni kwamba namba hii ni jumla ya miraba miwili kwa njia mbili: mraba wa 65,536 na wa 1, tena mraba wa 62,264 na wa 20,449. Namba tasa haikubali njia mbili, kwa hiyo hata asiyeijua 641 angeutambua ukweli hapa. Miraba ya njia ya pili ni 3,876,805,696 na 418,161,601; ijumlishe mwenyewe.