Kuchagua rangi ya bafu: vile nilipaka msala wa shangazi mara tatu

Mwaka jana shangazi yangu wa Langoni, Lamu, alitaka bafu lake lipakwe rangi kabla ya harusi ya bintiye, na mimi kwa vile ndiyo kazi yangu nikamwambia usijali, siku mbili tu. Zikawa siku tisa. Ukuta haukuwa na shida, rola haikuwa na shida, shida ilikuwa ni rangi yenyewe, yaani kuichagua. Juzi jirani kaniuliza aanzie wapi na bafu lake, nikaona badala ya kumweleza yeye peke yake bora niandike.

Hatua ya 1: Ujue ukuta wako ni wa nini

Kama nyumba yako ni ya mawe ya zamani, matumbawe na chokaa, usinunue rangi ya mafuta. Narudia, usinunue, hata muuza duka akikuapia. Ukuta ule unapumua, unyevu ulioko ndani unataka kutoka, ukiuziba na mafuta baada ya miezi michache unavimba malengelenge kisha unabanduka vipande vipande na chokaa yake. Paka chokaa, utie rangi za udongo: manjano ya udongo, nyekundu, kahawia. Hizo zinastahimili ukali wa chokaa, nyingine nyingi za kukolea zinapauka. Kwa hivyo uchaguzi wako ni mdogo, lakini pia kichwa hakitakuuma kama cha mwenye ukuta wa simiti. Mwenye simiti, kama plasta ni mpya subiri siku 28 ndio upake.

Hatua ya 2: Tazama vitu ambavyo hubadilishi

Taili, sinki, mlango. Shangazi ana taili za krimu mpaka kifuani. Ukiweka nyeupe ya theluji juu ya taili za krimu, taili zitaonekana chafu hata uzisugue na jiki kila siku. Basi, twende mbele.

Hatua ya 3: Rangi ichagulie bafuni, si dukani

Hapa ndipo nilipopoteza siku saba, kwa hivyo nivumilie.

Nilikwenda hadiwea saa tano asubuhi, jua limewaka, nikachukua kadi ya rangi nikatoka nayo mpaka mlangoni niitazame vizuri, najiona fundi mjanja. Shangazi alitaka samawati, ile hafifu ya mbingu baada ya mvua. Tukaichagua, ikachanganywa, punda akaibeba, nikapiga koti mbili. Magharibi shangazi akawasha taa akaniita, "Hebu njoo mwanangu, hii ndiyo tuliyonunua?" Nikaingia. Ukuta umekuwa rangi ya maji ya mtaro, si samawati, si kijani, si kijivu.

Kosa la kwanza lilikuwa mwanga. Bafu lake lina kijidirisha kinachotazama ukuta wa jirani, na kichochoro kilichoko katikati hata punda wawili hawapishani, kwa hivyo mwanga unaoingia umeshagonga ukuta wa jirani uliozeeka na kuchukua umanjano wake. Usiku napo kuna balbu ya 3000K, ile ya manjano (K ni kelvini, kipimo cha rangi ya mwanga). Taa ya manjano ina mwanga mdogo wa bluu, sasa samawati itarudisha nini? Inafifia tu inaelekea kijivu. Ukichukua ya 6500K, nyeupe ya kubluuka, samawati itapendeza lakini krimu na pinki zitaonekana zimekufa. Namba imeandikwa kwenye boksi la balbu, isome, na amua balbu kwanza ndio uchague rangi. Mimi napenda 4000K na sina haja ya kubishana na mtu.

Kosa la pili, kuta za bafu zinatazamana karibu na zinarushiana rangi, kwa hivyo kile kipande cha kadi ulichokipenda kikipakwa kuta zote nne kinakolea kuliko ulivyotarajia. Ukipenda namba fulani, chukua iliyo hafifu kuliko hiyo kwa ngazi moja au mbili.

Mara ya pili tukaweka kijani cha mnanaa. Ukuta ulipendeza wallahi, hata mimi nilipiga picha. Asubuhi shangazi akaingia kutawadha, akajitazama kwenye kioo, akatoka: "Mwanangu, mbona najiona kama nimeamka na homa ya manjano?" Ilikuwa kweli, kijani cha ukuta kilikuwa kinamrudia usoni. Na hili ni bafu ambalo biharusi angejipambia ndani yake! Nikanunua rangi ya tatu kwa pesa zangu.

Sasa nafanya hivi, na simpakii mtu tena bila kufanya hivi. Nunua rangi kwenye kopo dogo kabisa walilo nalo. Kata katoni kubwa kama sinia, ipige koti moja ya nyeupe kwanza, kisha koti mbili za rangi yako, iache ikauke vizuri. Usijaribie ukutani, rangi ya zamani iliyozunguka inadanganya macho na lile doa la majaribio litakusumbua baadaye. Pia usihukumu rangi ikiwa mbichi: rangi ya maji ikikauka hukolea kidogo, chokaa kinyume chake, ikikauka hupauka sana mpaka unadhani umepaka kitu kingine. Bandika katoni juu ya taili, funga mlango, itazame asubuhi, itazame adhuhuri, itazame usiku taa ikiwaka. Halafu isimamishe karibu na shavu lako ujitazame kwenye kioo. Wanaume mtacheka hapa lakini fanyeni tu. Kaa nayo siku mbili.

Kwa shangazi tulijaribu katoni tatu. Ikashinda rangi ya mchanga mkavu, ile ya mchanga wa Shela ulio mbali na maji, ambayo dukani hata hatukuitupia jicho mara mbili.

Hatua ya 4: Yafikirie maji yako

Wengi wetu tunaoga maji ya kisima yenye chumvichumvi. Yakirukia ukuta wa rangi iliyokolea, buluu nzito au ile damu ya mzee inayopendwa siku hizi, yanakauka na kuacha michirizi myeupe, na utafuta mpaka uchoke. Nyeupe tupu nayo inaonyesha kutu ya paipu na ukungu wa pembeni. Za katikati ndizo zinazositiri: mchanga, biskuti, kijivu chenye joto kidogo. Kama roho yako inataka buluu nzito, iweke ukuta ulio mbali na ndoo.

Hatua ya 5: Dari

Nyeupe.

Hatua ya 6: Kununua

Kwa ukuta wa simiti chukua silki, ile yenye mng'ao kidogo; mati, ile isiyong'aa, inanyonya maji na kushika madoa. Ile ya kung'aa kabisa siipendi, kila bonde la ukuta linaonekana, na kuta zetu zina mabonde. Hesabu ni rahisi: bafu la mita 2 kwa 1.5 mzunguko wake ni mita 7, ukibaki na mita moja juu ya taili una mita mraba 7, koti mbili ni 14, na lita moja inafunika kama mita mraba 10 ukuta ukiwa laini. Lita 2 zitatosha. Nunua zote siku moja zichanganywe pamoja, ukirudi wiki ijayo na namba ileile unaweza kupata inayotofautiana kidogo, na pembeni mwa ukuta itajulikana. Ukiweza ngoja msimu wa upepo wa kaskazi, kukiwa kukavu, wakati wa mvua za mwezi wa tano rangi haikauki kwa wakati.

Iliyobaki itie kwenye chupa ya jemu, ifunike vizuri, na namba ya rangi ipige picha kwa simu. Shangazi aliiandika kwa wanja nyuma ya mlango wa bafu, na haikumaliza wiki mbili maji yakaifuta.