SOMO: Mirathi pasipo wosia (someni kabla hamjanipigia)

Kila msiba ukiisha simu yangu inaita: "Mzee katutoka, hakuacha wosia, tunaanzia wapi?" Leo naandika mara moja, atakayeuliza tena namtumia hii. Mimi si wakili. Nilisimamia mirathi ya baba yangu hapa Mwanza, na benchi za mahakama nimezikalia mpaka zinanijua.

1. Cheti cha kifo, kutoka RITA (wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo). Kibali cha mazishi si cheti.

2. Kikao cha familia, cha kumpendekeza msimamizi. Hapa ndipo nilipoharibu. Tulikaa siku ya tatu ya matanga, watu hoi, mashangazi wanawahi meli ya Nansio. Nikaandika muhtasari: mjane mmoja, watoto watano. Mama mdogo wa Sengerema, mke mwingine wa baba, aliyetolewa ng'ombe kabisa, tukamruka pamoja na wanawe wawili, kwa kuwa baba mkubwa alisema "hayo tutayamaliza nyumbani". Hayakuisha nyumbani. Tangazo la mahakama lilipobandikwa wakaweka pingamizi, wakaja na kadi za kliniki zenye jina la baba na mzee aliyepokea mahari. Hakimu akaniuliza kama nawafahamu. Nikatazama viatu vyangu. Ombi likatupwa, tukaanza upya, na muda wote huo mtumbwi wa baba umelala mwaloni unapasuka kwa jua, maana hakuna aliyekuwa na mamlaka ya kuukodisha.

Kwa hiyo andikeni WOTE: usiyempenda, aliyeko Dar, hata mimba. Kuandikwa si kugawiwa. Msisaini karatasi tupu, wala msimsainie asiyekuwepo.

3. Mahakama. Ikiwa mirathi inafuata mila au sheria ya Kiislamu, nenda Mahakama ya Mwanzo ya mahali marehemu alipokuwa akiishi. Kufia hospitali ya Bugando hakumfanyi mtu wa Misungwi awe wa Nyamagana. Mkristo aliyeishi Kikristo hasa, mirathi yake haiendi Mwanzo. Anzeni kuulizia Mahakama ya Wilaya. Kinachopimwa ni maisha aliyoishi, jina la ubatizo peke yake halitoshi. Mkikosea hapa, yote yanaweza kufutwa baadaye.

4. Tangazo. Subirini siku zake ziishe.

5. Barua ya usimamizi. Kwa Mwanzo ni Fomu Namba 4, benki wataitaka hiyo.

6. Kusanya mali, lipa madeni, gawa, rudisha hesabu. Mwanzo unapewa miezi 4 kupeleka Fomu Namba 5 ya mali na madeni, kisha Namba 6 ya hesabu. Mahakama za juu, orodha ya mali ndani ya miezi 6 na hesabu ndani ya mwaka. Msimamizi si mrithi mkuu. Ni mtumwa wa warithi mwenye karatasi.

MASWALI

Boda wa Igoma: Mkuu naomba utaratibu inbox.
— Utaratibu ndio huo hapo juu.

Boda wa Igoma: Ni mrefu. Mimi ndiye mtoto wa kwanza wa kiume, si naweza kuuza kiwanja tu?
— Huwezi. Soma namba 5, kisha namba 6, kisha namba 5 tena.

Mjane wa Buswelu: Shikamoo kaka. Mume wangu ameacha nyumba, shemeji zangu wanasema mimi sina fungu. Ni kweli?
— Marahaba dada, pole sana. Inategemea sheria itakayotumika. Kiislamu mjane ana 1/8 akiwepo mtoto, 1/4 asipokuwepo. Kwa sheria inayotumika kwa Wakristo ni 1/3, watoto 2/3. Kimila, kwa tangazo la serikali la sheria za mila la mwaka 1963, mjane hapewi fungu kama marehemu ana ndugu wa ukoo. Eti atatunzwa na watoto wake. Mimi hiyo inaniudhi, ila ndiyo ilivyoandikwa. Lakini kabla ya fungu kuna jasho lako: ulichochangia kwenye nyumba si mali ya marehemu. Jina lako limo kwenye hati? Risiti za saruji zipo? Beba vyote, na usihame.

Mjane wa Buswelu: Jina limo. Asante, nimelia kidogo.
— Basi umefika pazuri. Anza na hati hiyo, kabla ya maneno ya shemeji.

Mwl wa Magu: Ili kuepuka haya, wosia wa kimila unataka mashahidi wangapi?
— Wa maandishi, anayejua kusoma na kuandika: wawili, mmoja wa ukoo na mmoja wa nje. Asiyejua: wanne, wawili wa kila upande. Na mashahidi wenyewe wawe wanajua kusoma na kuandika.

Mvuvi Nyegezi: Cheti kinasema jina moja, benki jingine. Sisi tulikula hati ya kiapo kwa wakili, ikapita. Halafu huo mtumbwi uliishaje?
— Kalafati upya, mbao mbili mpya. Sasa anautumia mdogo wangu wa Sengerema.

Mvuvi Nyegezi: Siku nyingine uzamisheni majini kidogo, mbao zisikauke. Ila injini fungueni kwanza.