Kupiga tapu ya M10 bila kuivunja: kwa mwanagenzi wa karakana

Tapu ni kifaa cha kukatia meno ya bolti ndani ya tundu. Tapu ya M10 (ya bolti ya milimita 10) ya kawaida ina hatua, yaani umbali kati ya jino na jino, ya milimita 1.5, kwa hiyo tundu lake ni 8.5 (10 toa 1.5). Ukitoboa 8, tapu itabana na kukatika. Ukitoboa 9, meno yatakuwa mafupi na bolti italegea.

Piga alama kwa senta panchi, bana chuma kwenye jiliwa, anza na biti ya 4, kisha 8.5. Kwa chuma laini, mashine izunguke kama mara 900 kwa dakika. Vua glovu kabla hujaiwasha, maana biti hunasa kitambaa na kuvuta mkono. Panua kidogo mdomo wa tundu.

Seti ya tapu za mkono huwa na tatu. Anza na ile iliyochongoka zaidi, tia mafuta ya kukatia, na baada ya mizunguko miwili simamisha skwea (kipimo cha pembe mraba) ubavuni mwa tapu, pande mbili. Hapa ndipo wengi hukosea: ikishazama imepinda, huwezi tena kuinyoosha, na ukilazimisha inakatika kwa kuwa ni chuma kigumu lakini chepesi kuvunjika. Kisha nusu mzunguko mbele, robo nyuma, ili mabaki yakatike. Ukihisi mpini unanyumbuka kama springi, acha kusukuma. Rudisha tapu, itoe, isafishe.

Chuma cha kutupwa, yaani kilichomiminwa kwenye kalibu, hakihitaji mafuta. Tundu lisilotokeza upande wa pili litoboe zaidi ya kina cha meno unayotaka, umalize na tapu ya tatu.