Kuinamisha mibuni ya robusta ili itoe mashina matatu

Mbuni wa robusta, yaani mti wa kahawa ya robusta, ukiachwa wenyewe hupanda juu kwa shina moja, kwa sababu ncha inayokua huteremsha homoni inayozuia macho ya chini yasichipue. Anayetaka kichaka chenye mashina 3 ana njia mbili: aikate ncha, au ainamishe shina zima. Hapa tunafundisha kuinamisha, na sababu ni moja. Kagera, kama ilivyo Uganda, kidonda kwenye robusta ni mlango wa mnyauko fuzari, ugonjwa wa kuvu unaokausha mbuni, na mti ukishaupata hauponi; hung'olewa na kuchomwa palepale shambani. Kuinamisha kwenyewe hakuachi kidonda; mkato ni mmoja tu, mwishoni, kwenye hatua ya 4.

1. Wakati. Mche uwe umekaa shambani miezi 6 hadi 12, shina lina unene wa penseli na bado ni la kijani. Likishageuka kahawia na kukakamaa, linapasuka. Subiri mvua zikolee, maana kwenye ardhi kavu macho hayaamki. Fanya kazi hii alasiri: asubuhi shina limejaa maji na hukatika upesi.

2. Kuinamisha. Tafuta kijiti chenye panda, urefu wa sentimita 40 hivi, uzichongoe ncha mbili za panda. Mkono mmoja ushike shina chini kabisa, kama sentimita 10 kutoka ardhini, na usilegee hata kidogo. Mkono huo ndio unaozuia shina lisichanike shingoni na mizizi isiinuke. Mkono wa pili uvute ncha taratibu kuelekea mashariki au magharibi mpaka shina lilale kwa nyuzi 45. Chomeka kijiti kichwa chini, panda ilishike shina katikati. Ncha isiguse udongo. Ukipenda kufunga, tumia kamba ya mgomba, ambayo huoza yenyewe. Waya na kamba za plastiki hulikata shina linaponenepa.

3. Kuchagua maotea. Baada ya wiki 4 hadi 8 maotea, yaani machipukizi yanayosimama wima, hujipanga juu ya mgongo wa shina. Yaache yafike sentimita 15 hadi 20, kisha bakiza 3. Chagua yaliyo karibu na ardhi, ndani ya sentimita 30, yanayolingana nguvu na kuachana walau upana wa kiganja. Ukichagua yaliyobanana, baada ya miaka michache mashina yatasuguana na lililo katikati litanyimwa mwanga. Mengine yang'oe kwa vidole yangali laini, ukiyavuta kwa pembeni. Kisu huacha kitako chenye macho, na mwezi ujao utayakuta manne palipokuwa na moja.

4. Kuondoa shina mama. Usiwe na haraka. Majani yake ndiyo yanayoyalisha maotea. Maotea yakifika usawa wa goti, kata shina mama sentimita 3 mbele ya otea la mwisho, kwa mkato wa mshazari, siku isiyo na mvua. Huu ndio mkato pekee katika kazi yote, kwa hiyo mkasi uoshwe kila unapotoka mti mmoja kwenda mwingine: sehemu 1 ya Jik (dawa ya kung'arisha nguo) kwa sehemu 9 za maji. Jioni usuuze na uupake mafuta, Jik inaleta kutu.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Mche wangu umepasuka nilipokuwa nauinamisha. Niung'oe?*

Marahaba. Usiung'oe. Kama ufa haujavuka nusu ya shina, rudisha pamoja, zungushia kamba ya mgomba na uache hivyo hivyo ulivyolala. Kama umevunjika kabisa, kata vizuri chini ya ufa. Macho ya chini yatachipua.

*Nilikata ncha badala ya kuinamisha, nikapata mashina mawili tu. Kwa nini?*

Majani ya mbuni hukaa mawili mawili, yakitazamana. Ukikata juu ya jozi, kwa kawaida macho mawili ya hapo ndiyo yanayotangulia, na unapata panda. Panda hiyo ikibeba mzigo wa mavuno huchanika katikati.

*Otea likivunjika, naweza kusimamisha tawi la pembeni liwe shina?*

Hapana. Tawi la pembeni la mbuni hubaki la pembeni hata ulifunge kwenye mti. Ndiyo maana miche ya vikonyo, ile inayooteshwa kwa vipande badala ya mbegu, hutolewa kwenye maotea yaliyosimama, si kwenye matawi yanayozaa. Subiri otea jingine.

*Miezi mitatu imepita, maotea hakuna. Kibanja changu kina migomba mingi.*

Angalia kivuli kwanza. Punguza majani ya mgomba ili jua lifike kwenye mgongo wa shina, na vuta matandazo yasilifunike. Halafu angalia ulalo: mara nyingi kijiti kimeng'oka na shina limerudi kusimama, ncha imeanza kutawala tena.

*Mibuni yangu ni ya zamani, mashina ni manene kama mkono. Naweza kuinamisha?*

Kwa unene huo hapana. Kata shina moja kwa msumeno kwa urefu wa sentimita 30, uache jingine lililo zima liulishe mti. Kisiki kikitoa maotea, chagua kama tulivyoeleza kwenye hatua ya 3, na shina lililobaki ulikate baada ya maotea hayo kushika.