Somo: Kuyatetea malisho ya kijiji kabla hayajawa mashamba ya mtu

Ndugu wafugaji, warina asali na wote mnaoishi kwa kutegemea pori la kijiji,

Kwa niliyoyaona, malisho hayachukuliwi kwa mtutu. Yanapotea kwenye kikao ambacho wafugaji hawakuhudhuria. Muhtasari unaandika "eneo wazi", na baada ya misimu miwili anatokea mtu ana karatasi yenye muhuri. Kuanzia siku hiyo ng'ombe akikanyaga pale anaitwa mharibifu, na mwenye ng'ombe anatozwa faini kwenye ardhi aliyochungia babu yake. Ndiyo maana somo hili linahusu karatasi zaidi ya maandamano. Nazungumzia sheria za Tanzania. Wa Kenya wamejibiwa kidogo kwenye maswali.

Hatua ya 1: Choreni mnachokitumia, kwa misimu yote

Msisubiri mpima. Sisi tulifagia uwanja chini ya mgunga tukachora kijiji kwa jivu. Wazee wakapanga mawe kuonyesha visima, vijana wakalaza vijiti kuonyesha njia ya mnadani na ya josho. Akaja mama mmoja na ndoo yake, akatazama, akainama akaondoa jiwe moja. "Hapa hapana maji tangu lambo lijae mchanga. Sisi tunachota huku." Wanaume kumi na wawili walikuwa wamekubaliana juu ya kisima kilichokwisha kufa. Kama hamjawaita wanawake, ramani yenu haijakamilika.

Wekeni malisho ya masika, malisho ya kiangazi, alalili, yaani malisho yanayofungwa kwa ajili ya ndama (Wasukuma wataweka ngitili), mahali pa chumvi, mapito ya mifugo, miti inayotundikwa mizinga, na miti ya dawa. Malisho ya kiangazi yalindeni kuliko yote. Mwezi wa nne mgeni akipita pale anaona nyasi ndefu na hakuna hata ng'ombe mmoja, anasema ardhi imelala. Lakini imepumzishwa kwa makusudi, na mwezi wa kumi ndiyo inayowaweka ng'ombe hai. Andikeni majina ya miezi kwenye ramani ili mtu yeyote asipate nafasi ya kusema pale hapana mwenyewe.

Hatua ya 2: Jueni nani ana kauli

Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 imeipa halmashauri ya kijiji kazi ya kusimamia ardhi kwa niaba ya wanakijiji. Haikuifanya mwenye mali. Halmashauri haiwezi kumgawia mtu ardhi bila mkutano mkuu wa kijiji kuridhia kwanza, na mjumbe wa mkutano mkuu ni kila mkazi aliyetimiza miaka 18, awe na ng'ombe mia au asiwe na kuku. Sheria hiyo hiyo inataka ardhi ya pamoja itengwe na iandikwe kwenye rejista. Nendeni mkamwombe mtendaji awafungulie rejista hiyo. Vijiji vingi mtakuta ukurasa mweupe, na hapo mmeshapata kazi ya kwanza.

Hatua ya 3: Chagueni siku ya mkutano

Mkutano ukiitishwa siku ya mnada, wafugaji hawapo. Ukiitishwa kiangazi kikali, vijana wako ronjo, kambi ya muda ya mifugo, mwendo wa siku mbili kutoka bomani. Ukianza saa moja asubuhi, akina mama wanakamua. Mkutano mkuu wa kawaida ni kila miezi mitatu, hivyo ombeni mapema, kwa barua, ajenda ya malisho iingizwe kwenye ule unaoangukia wakati mifugo iko karibu. Pitieni kila kitongoji wiki moja kabla. Balozi mmoja aliyesahaulika anaweza kuondoka na watu arobaini.

Hatua ya 4: Muhtasari

Hapa ndipo nilipoumia, kwa hiyo nisomeni taratibu. Mwaka wa kwanza tulipitisha azimio la kutenga malisho, watu wakapiga makofi, tukachinja mbuzi. Karatasi ikaenda ofisi ya juu, ikakaa kiangazi kizima, ikarudi. Orodha ya mahudhurio ilikuwa na majina bila saini, yote kwa mwandiko mmoja. Azimio lilisema "eneo la kaskazini" bila kutaja mpaka hata mmoja. Kabla hatujarudia mkutano, robo ya eneo lile ilikuwa imeshalimwa ufuta.

Basi muhtasari uwe na tarehe, ajenda, idadi ya wanaume na wanawake waliohudhuria, akidi iliyotajwa kwa namba, na hoja za waliopinga (msizifiche, zinaonyesha mjadala ulikuwa wa kweli). Mipaka itajwe kwa vitu vinavyojulikana: korongo fulani, mbuyu fulani, barabara ya kwenda mahali fulani. Kila mtu aweke saini yake, na asiyejua kuandika aweke dole gumba mwenyewe, pale pale, wino ukiwa mezani. Nakala iwe mbili, na moja itunzwe na kamati yenu nje ya ofisi ya kijiji, maana ofisi huvuja na watendaji huhamishwa.

Hatua ya 5: Mpango, sheria ndogo, hati

Azimio peke yake ni ukuta wa miiba. Mvua mbili tatu, limeoza. Tafuteni cheti cha ardhi ya kijiji kama hamna, kisha mpango wa matumizi ya ardhi chini ya Sheria Na. 6 ya 2007, kisha sheria ndogo zilizoidhinishwa na halmashauri ya wilaya. Baada ya hapo kikundi kinaweza kuomba hati ya hakimiliki ya kimila kwa malisho yenyewe. Haya si ndoto. Mwaka 2011 Wahadzabe wa Bonde la Yaeda, wilayani Mbulu, watu wa kuwinda, kurina asali na kuchimba mizizi, walipewa hati ya kimila ya jamii kwa eneo la hekta 20,000 hivi.

Hatua ya 6: Jirani

Mvua haijui mpaka wa kijiji. Kifungu cha 11 cha Sheria Na. 5 kinaruhusu vijiji kukubaliana kutumia ardhi kwa pamoja. Wilayani Kiteto, Olkitikiti, Lerug na Ngapapa waliunganisha malisho yao wakayaita OLENGAPA, jina lililotolewa kwenye majina ya vijiji vyenyewe.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Kilosa: Kwetu wakulima ni wengi kuliko wafugaji. Tukipiga kura si tutashindwa?

Mkienda kupiga kura bila kuzungumza kwanza, mtashindwa, na hata mkishinda mtaamka na uadui. Kilosa mnalijua hili kuliko sisi: Desemba 2000, Rudewa Mbuyuni, watu 38 waliuawa. Anzeni na mapito ya mifugo, si malisho. Mkulima anayelala shambani kulinda mpunga anataka njia ya ng'ombe iliyopimwa kama unavyoitaka wewe. Mwambieni mfugaji naye akubali faini anapotoka nje ya njia, iandikwe kwenye sheria ndogo, na alipe kweli. Kwetu aliyelipa faini ya kwanza alikuwa mjumbe wa kamati yetu wenyewe. Baada ya siku ile wakulima walianza kuja kwenye vikao.

Mwanachama, Shinyanga: Ngitili ya baba yangu nayo iingizwe kwenye malisho ya pamoja?

Hapana, kama ni ya familia iombeeni hati ya kimila ya familia. Ila ionyesheni kwenye ramani.

Mama mfugaji, Kajiado: Sisi huku Kenya tunaanzia wapi?

Mama, nyinyi mna Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016. Jamii yenyewe ndiyo inayosajiliwa: mnaandika orodha ya wanajamii, mnachagua kamati ya watu 7 hadi 15, mnapitisha katiba yenu. Angalieni sana orodha ile. Wajane na mabinti walioachika wakisahaulika leo, kuwarudisha kesho ni vita.

Mwanachama, Simanjiro: Wilaya inasema haina bajeti ya mpango wa matumizi. Tukae?

Msikae. Ramani ya jivu ni bure, muhtasari ni bei ya daftari, rejista iko ofisini kwenu. Bajeti ikija itakuta kazi nusu imekwisha.

Mwanachama, Handeni: Mwenyekiti anasema Rais anaweza kuchukua ardhi yoyote, kwa hiyo tunajisumbua.

Rais anaweza kuihamisha ardhi ya kijiji kwa manufaa ya umma, hilo ni kweli. Lakini kuna utaratibu: taarifa iletwe, wanakijiji wasikilizwe kwenye mkutano mkuu, na fidia ikubaliwe kabla ardhi haijahamishwa. Eneo lisipozidi hekta 250, mkutano mkuu wenyewe ndio unaokubali au kukataa. Sasa fikiria siku hiyo unaulizwa fidia ya nini, na rejista yenu inasomeka "eneo wazi". Mwambie mwenyekiti aitishe kikao mwezi huu huu, masika hayajaisha na vijana bado wako nyumbani.