Kamati ya ardhi ya jamii: anzeni na daftari

Mwekezaji akija na ramani ya mgodi, visima vya mvuke au mbao, huuliza kwanza atazungumza na nani. Jamii ambayo haijasajiliwa haina jibu la kisheria. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Jamii ya Kenya ya 2016, ardhi yake inashikiliwa na serikali ya kaunti kwa niaba yake, na fidia yoyote inayolipwa inawekwa na kaunti hiyo hiyo mpaka jamii isajiliwe.

Kabla ya lolote, hakikisheni ardhi yenyewe ni ya jamii. Kifungu cha 63 cha Katiba kinataja misitu ya jamii, malisho, mahali pa matambiko, na ardhi ya mababu ya wawindaji na warina asali. Sehemu kubwa ya Kakamega na Vihiga ni mashamba yenye hati za watu binafsi, kwa hiyo wachimba dhahabu wa huko wana njia nyingine: chama cha ushirika na kibali cha uchimbaji mdogo. Msitu uliotangazwa na serikali nao una kesi yake. Ogiek, jamii ya wawindaji na warina asali wa msitu wa Mau, walilazimika kufika Mahakama ya Afrika kule Arusha, wakashinda tarehe 26 Mei 2017, na tarehe 23 Juni 2022 mahakama ikaamuru wapewe hati ya pamoja na kulipwa fidia ya shilingi 57,850,000 kwa hasara ya mali na milioni 100 kwa machungu waliyopitia. Pesa hizo ziliamriwa ziingie kwenye mfuko wa maendeleo wa jamii. Mfuko kama huo hauendi mbali bila daftari la wanajamii.

Daftari

Wengi hukimbilia uchaguzi wa mwenyekiti. Huko ni kuanza na paa. Kila kura inayopigwa baadaye hupimwa kwa idadi ya watu wazima waliomo kwenye daftari, basi daftari likiwa bovu hata uamuzi mzuri unaanguka mahakamani.

Tumieni kitabu kigumu chenye mistari, si karatasi za kushikanisha. Kila mtu apewe mstari wake: nambari ya mfululizo, jina kama lilivyo kwenye kitambulisho, nambari ya kitambulisho, mwaka wa kuzaliwa, jinsia, kijiji na ukoo, simu, kisha sahihi au alama ya kidole gumba. Jina la nyumbani liandikwe kando, kwa sababu mzee anayejulikana kijiji kizima kwa lakabu hatapatikana siku ya kuhesabu. Andikeni kijiji kwa kijiji, mzee wa kijiji na mama mmoja anayeaminika wakiwa wameketi hapo, halafu daftari lisomwe kwa sauti mbele ya watu kabla ya kufungwa.

Makosa yanajulikana. Kwanza ni marehemu. Mtu aliyefariki akibaki kwenye orodha anapandisha akidi, yaani idadi ya chini ya watu wanaotakiwa kufika, na wala hatakuja mkutanoni. La pili ni wake. Mwanamke aliyeolewa katika jamii ni mwanajamii kwa sheria, na haondolewi kwa kuwa ukoo umegombana na mumewe. La tatu ni walioko Nairobi au kwenye mashamba ya chai ya Kericho. Kuwafuta ili akidi ipungue ni kualika kesi. Afadhali mkutano mkuu uwekwe Desemba, watu wakiwa wamerudi ushago.

Mkutano

Hamwezi kuchagua kamati kwenye baraza la chifu mkadhani mmemaliza. Msajili wa ardhi ya jamii ndiye anayeitisha mkutano, kwa tangazo kwenye gazeti la taifa na redio ya taifa. Mwandikieni barua mkitaja mipaka kwa mito, vilima na barabara, na vijiji vyote vilivyomo. Mkiacha kijiji kimoja, hicho ndicho kitakachopinga.

Akidi ni theluthi mbili ya wanajamii wazima. Chukueni daftari la watu 1,260: theluthi mbili ni 840. Wakifika 839, hayo ni mazungumzo tu, rudini nyumbani. Kwa hiyo wekeni meza moja kwa kila kijiji langoni, kila anayeingia apate tiki kwenye nakala ya daftari na kutia sahihi, na jumla itangazwe kabla ya ajenda ya kwanza.

Kamati ni watu 7 hadi 15. Hesabu isiyo shufwa inasaidia kura zisifungane, na wanawake wasipungue theluthi moja. Kura ya siri ni bora kuliko mlolongo, ule wa kupanga foleni nyuma ya mgombea. Wazee wanaokumbuka uchaguzi wa mlolongo wa 1988 hawahitaji kuelezwa sababu. Kumbukumbu za mkutano zitaje tarehe, mahali, idadi ya waliofika, nani alipendekeza, nani aliunga mkono, na kura ngapi. “Wote walikubali” bila tarakimu haisaidii kitu. Kisha mpelekeeni msajili jina la jamii, daftari, kumbukumbu na kanuni za kamati. Hati ya ardhi huja baadaye, baada ya madai kusikizwa na mipaka kupimwa.

Kanuni

Kanuni nzuri hutaja mahali, kitendo, msimamizi, faini, na pesa inakokwenda. “Msitu ulindwe” si kanuni. Ogiek wa Chepkitale, Mlima Elgon, waliandika zao wakakataza wazi kuchoma makaa, ujangili na kilimo cha biashara ndani ya ardhi yao. Ndiyo maana zinatekelezeka. Kanuni isiyolingana na Katiba, kama ile ya kuwanyima mabinti urithi, haina nguvu hata ikipigiwa kura na wote.

Mwekezaji akija

Kuuza au kutoa ardhi kunataka theluthi mbili ya wote waliosajiliwa. Kwa hesabu ile ile, wakifika 840 basi wote 840 wakubali, na mmoja akikataa jambo limeanguka. Maamuzi ya kawaida yanapita kwa wingi wa waliohudhuria. Mkataba wa uwekezaji una mkutano wake maalum, wenye akidi ya theluthi mbili na idhini ya theluthi mbili ya watu wazima. Uandike tathmini ya athari, fidia na mrabaha (malipo ya mwekezaji kwa rasilimali anayochukua), ufuatiliaji, na nani atafukia mashimo kazi ikiisha.

Madini yenyewe ni mali ya umma hata yakiwa chini ya ardhi yenu, kwa hiyo kamati haiwezi kuyauza. Sheria ya Madini ya 2016 inagawa mrabaha hivi: asilimia 70 serikali kuu, 20 kaunti, 10 jamii. Kwa mvuke wa ardhini, Sheria ya Kawi ya 2019 inaipa jamii asilimia 5. Fungu hilo msiliruhusu lipite kwenye akaunti ya mtu. Fungueni akaunti ya jamii yenye watia sahihi watatu kutoka koo tofauti, na taarifa ya benki ibandikwe ofisini kwa chifu kila mwezi.