Jinsi ya Kuitunza Tovuti ya Biashara Ndogo Isichakae

Tovuti nyingi ninazoitwa kuzikarabati hapa Kisumu, na hata zile za Kakamega na Nakuru, hazikuvunjwa na wadukuzi. Zilitelekezwa tu. Nambari ya simu ni ya mhudumu aliyeacha kazi, bei ni za mwaka juzi, na fomu ya kuulizia chumba inatuma ujumbe kwenye sanduku ambalo hakuna anayelifungua. Mteja aliye Nairobi anayetafuta pa kulala karibu na Dunga hayajui hayo. Anapiga simu, haipokelewi, anakwenda kwa jirani yako. Wewe hutajua kamwe kwamba alikutafuta, na ndiyo maana hasara hii huendelea kwa miaka bila kushtukiwa.

Mwongozo huu ni wa mwenye gesti, duka la vifaa vya ujenzi, kliniki ndogo au saluni ambaye tovuti yake imejengwa kwa WordPress, yaani programu ya kujengea na kuendeshea tovuti. Ikiwa yako imejengwa kwa mfumo mwingine, hatua ya kwanza na ya pili zinakuhusu vilevile.

Hatua ya 1: Jua nani ameshika funguo

Kabla ya kugusa chochote, tafuta vitu vitatu: akaunti ya jina la tovuti (kwa mfano lile linaloishia na .co.ke), akaunti ya hosti, yaani kampuni inayohifadhi mafaili yako kwenye seva yake, na akaunti ya msimamizi mkuu ndani ya WordPress. Vyote vitatu viwe kwa jina lako au la biashara, na vifunguliwe kwa barua pepe unayoisoma wewe mwenyewe.

Hapa ndipo penye maumivu mengi. Kijana aliyekutengenezea tovuti alisajili jina kwa barua pepe yake, kwa nia njema kabisa, kisha akapata kazi Ghuba. Ilani za kulipia zinakwenda kwake. Siku jina linapoisha muda, tovuti inazimika na barua pepe za biashara zinakatika pamoja nayo. Majina ya .ke yanasimamiwa na KeNIC, shirika linalosimamia majina ya tovuti ya Kenya, na kuuzwa kupitia mawakala waliosajiliwa. Ukilitafuta jina lako kwenye huduma yao ya Whois utaona ni wakala gani anayelishika na linaisha lini. Kama wakala huyo humjui, mtafute sasa, ukiwa na cheti cha usajili wa biashara mkononi, na uombe akaunti ihamishiwe kwako. Fanya hivyo wakati jina bado lina miezi ya uhai.

Kuna mtego mmoja ambao hata watu makini hunaswa nao. Usitumie anwani ya info@ ya tovuti yenyewe kuwa barua pepe ya mawasiliano kwenye akaunti ya jina hilohilo. Jina likiisha, anwani hiyo nayo inakufa, na ujumbe wa kukuokoa hautakufikia. Weka anwani iliyo nje, kama ya Gmail, iliyofungwa kwa uthibitishaji wa hatua mbili.

Lipia angalau mwezi mmoja kabla ya tarehe ya mwisho, na ukiweza lipia miaka miwili kwa pamoja. Utapokea pia barua za matapeli zinazodai jina lako linakaribia kufungwa, zikiwa na nambari ya Paybill usiyoijua. Usilipe kupitia kiungo kilichomo ndani ya barua. Ingia kwenye akaunti yako ya wakala kwa kuandika anwani yake mwenyewe, uone kama kweli kuna deni.

Hatua ya 2: Soma tovuti yako kama mteja

Chukua simu ya kawaida, zima Wi-Fi, washa data, kisha fungua tovuti. Soma kila ukurasa polepole. Hatua hii haihitaji utaalamu wowote, na kwa maoni yangu ina thamani kuliko zote zinazofuata.

Gusa nambari ya simu. Je, simu inaita, na anayepokea bado yupo kazini? Gusa kitufe cha WhatsApp. Kiungo chake huandikwa wa.me/254 kikifuatiwa na tarakimu zilizobaki, bila alama ya kujumlisha na bila sufuri ya mwanzo. Kosa dogo hapo linakifanya kisifunguke. Kisha jaribu fomu yako kwa nambari inayoanza na 01. Laini hizo zipo Kenya tangu 2019, lakini fomu nyingi za zamani zilipangwa kukubali 07 pekee, kwa hiyo mteja mwenye laini ya 01 anaambiwa nambari yake si sahihi.

Linganisha nambari ya till au Paybill iliyo kwenye tovuti na ile iliyobandikwa dukani, tarakimu kwa tarakimu. Rudia kila wiki. Mtu akiingia kwenye tovuti yako kwa wizi, nambari hiyo ndiyo rahisi zaidi kubadilisha na ndiyo ngumu zaidi kugundua, kwa sababu kila kitu kingine kinaonekana salama.

Jaza fomu ya mawasiliano uone kama ujumbe unafika. Mara nyingi haufiki, ingawa ukurasa unasema asante, ujumbe wako umepokelewa. Sababu ni kwamba WordPress, ikiachwa ilivyo, hutuma barua moja kwa moja kutoka kwenye seva, na Gmail huzishuku barua za namna hiyo. Dawa yake ni programu-jalizi (programu ndogo inayoongezwa ndani ya WordPress) ya SMTP, inayotuma barua kupitia akaunti halisi yenye nywila. Baada ya kuiweka, jaribu tena fomu na uangalie hadi kwenye folda ya taka.

Bei ziandikie mwezi na mwaka zilipowekwa. Maelekezo nayo yanazeeka. Sisi huelekezana kwa alama: mkabala na duka fulani, ukipita Kondele, kabla ya kufika Mamboleo. Duka hilo likihama, mgeni wako amepotea. Nakuru imekuwa jiji tangu tarehe 1 Desemba 2021, na bado nakutana na tovuti za huko zinazoandika mji wa Nakuru. Mgeni akiona hivyo anajiuliza ni nini kingine hakijaguswa. Ukimaliza, fungua wasifu wa biashara yako kwenye Google, ule unaotokea pamoja na ramani, na hakikisha simu na saa za kazi zinafanana na za tovuti. Saa za sikukuu zina sehemu yake pale. Zijaze kabla ya Krismasi, Idd na Madaraka.

Hatua ya 3: Weka nakala rudufu, kisha ijaribu

Tovuti ya WordPress ina sehemu mbili: mafaili (picha, programu-jalizi, na mandhari, yaani muundo wa mwonekano wa tovuti) na hifadhidata, ambamo maandishi na oda zako zinakaa. Nakala yenye sehemu moja tu haitakuokoa. Programu-jalizi ya UpdraftPlus, hata ile ya bure, inachukua zote mbili na kuzipeleka Google Drive kwa ratiba unayoipanga. Tovuti ya kurasa chache inatosha nakala ya kila wiki. Inayopokea oda inahitaji ya kila siku. Nakala isikae kwenye seva ileile ya tovuti, maana seva ikiharibika vyote vinakwenda pamoja.

Angalau mara mbili kwa mwaka mwombe fundi airudishe nakala kwenye tovuti ya majaribio. Nakala ambayo haijawahi kurudishwa huwezi kuitegemea.

Hatua ya 4: Sasisha kwa mpangilio

Matundu mengi yanayotumiwa kuvunja WordPress yako kwenye programu-jalizi na mandhari. Tundu likishatangazwa na kuzibwa kwa toleo jipya, wavamizi hutumia mashine kutafuta tovuti ambazo hazijasasishwa, bila kujali zina ukubwa gani. Gesti ya vyumba sita iko hatarini sawasawa na kampuni kubwa.

Chagua asubuhi ya siku ya kati ya wiki. Usisasishe Ijumaa jioni wala mwisho wa mwezi, wakati wateja ni wengi na fundi hapatikani. Chukua nakala rudufu. Kwenye dashibodi fungua palipoandikwa Updates, sasisha programu-jalizi moja, fungua tovuti uitazame, kisha nenda kwenye nyingine. Baada yake mandhari, na mwisho WordPress yenyewe ikiwa kuna toleo kubwa. Matoleo madogo ya usalama hujisasisha yenyewe tangu WordPress 3.7 ya mwaka 2013, ikiwa hakuna aliyeuzima mpango huo. Programu-jalizi nazo zinaweza kuwekwa zijisasishe tangu toleo la 5.5 la 2020. Mimi huiwasha kwa zile ndogo, lakini ya malipo na ya oda nazisasisha kwa mkono, nikijaribu malipo ya shilingi chache baada ya hapo.

Fungua pia Site Health, chini ya Tools. Itakuambia seva yako inatumia toleo gani la PHP, lugha ya kompyuta inayoiendesha WordPress. PHP 7.4 iliacha kupewa marekebisho ya usalama mwishoni mwa Novemba 2022. Ukiikuta bado inatumika, ongea na hosti wako akuhamishie toleo jipya, baada ya kuchukua nakala.

Programu-jalizi usiyoitumia ifute kabisa. Kuizima hakutoshi, kwa sababu mafaili yake bado yamo kwenye seva. Na mandhari za kulipia zinazogawiwa bure kwenye makundi ya Telegram na WhatsApp usiziguse. Nyingi huja na mlango wa siri ndani yake, na bei ya kuisafisha tovuti inazidi sana bei ya leseni.

Tovuti ikigoma baada ya kusasisha, usiogope. Tangu toleo la 5.2, WordPress hutuma kiungo cha kuiokoa kwenye barua pepe ya msimamizi, sababu nyingine ya kuhakikisha anwani hiyo ni yako. Usipokipata, ingia kwenye meneja wa mafaili wa hosti, fungua wp-content, kisha plugins, na ubadilishe jina la folda ya programu-jalizi uliyoisasisha mwisho. Kwa kawaida tovuti hurudi hapohapo.

Hatua ya 5: Cheti, nywila na picha

Anwani ianze na https, ishara kwamba tovuti ina cheti cha usalama. Tangu Julai 2018 Chrome huonya kwamba tovuti isiyo nayo si salama, na mteja anayetaka kulipa atakimbia. Vyeti vya bure vya Let's Encrypt ni vya muda mfupi na hujihuisha vyenyewe hosti akivipanga vizuri, lakini kazi hiyo hukwama wakati mwingine, basi itazame kila mwezi.

Futa akaunti za waliokwisha kuondoka. Anayeandika habari na kubadilisha bei apewe cheo cha mhariri. Usimamizi mkuu ubaki kwako na kwa fundi.

Picha za simu zina megabaiti kadhaa kila moja, na mteja anazilipia kwa bando lake. Zipunguze hadi upana wa pikseli 1600 kabla ya kuzipandisha.

Kama fomu yako inakusanya majina na simu za watu, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakuhusu. Eleza kwa nini unazichukua, na usiombe nambari ya kitambulisho usiyoihitaji.

Ukimwajiri mtu

Wenye biashara wengi hawana muda wa hayo yote, na si vibaya kumlipa fundi kwa mwezi. Andikeni mkataba, hata wa ukurasa mmoja: ni mara ngapi atasasisha, nakala zitakaa wapi, tovuti ikizimika atashughulika baada ya saa ngapi. Kila mwisho wa mwezi akutumie picha ya skrini ya ukurasa wa Updates na tarehe ya nakala ya mwisho. Hosti na jina vilipwe kutoka kwenye simu yako au akaunti ya biashara. Mkiachana, badilisha nywila za akaunti zote tatu siku hiyohiyo, kisha fungua ukurasa wa malipo uhakikishe nambari ya till ni yako.